Fundi Kutoka Dar

Jumatatu, 6 Septemba

Imezimika tena, kabla ya adhana ya adhuhuri. Kwanza feni yake inalia kama nyuki waliochokozwa, halafu kimya, halafu nasikia wateja huko mbele wanaguna. Nimefungua ubavu wake, nimeipepea kwa kipande cha boksi kama muuza mishikaki. Imepoa, imewaka. Wateja wawili walikuwa wameshakwenda zao.

Hii ndiyo kompyuta kubwa ya duka la kuchapa na fotokopi la Zaituni, mtoto wa marehemu dada yangu. Zile tatu za mbele zinaitegemea hii kama watoto wanavyomtegemea mama. Mama akizimia, watoto wote wanalala. Mama anakaa huku stoo, nyuma. Na mimi nakaa huku stoo, nyuma. Dirisha ni moja, linatazama uchochoroni, na limefungwa tangu siku niliyoingia. Limefungwa kwa ajili yangu. Mashine inaungua kwa ajili yangu. Basi tunaungua wote wawili.

Hakuna nafasi. Nikinyoosha miguu nagusa mlango. Nikigeuka usingizini nagusa ndoo ya haja. Kuihamishia mashine mbele haiwezekani: kule kuna viti, fotokopi na kaunta, mtu akipiga chafya jirani anafuta uso. Naandika nyuma ya karatasi za fotokopi zilizoharibika. Hizo ziko nyingi.

Jumanne, 7 Septemba

Joto la tanuri la mkate. Nimekaa na kikoi tu.

Mtu aliyezoea kusema akifungiwa, maneno yanamjaa kooni. Huku siruhusiwi hata kukohoa. Basi nijisimulie mwenyewe.

Mimi ni Muha wa Mwamgongo, kijiji cha ziwani upande huu wa Tanzania, kwa baba na kwa mama. Kitovu changu kiko kule. Ujanani nilivuka kwenda Rumonge, upande wa Burundi, nikawa fundi mkuu wa mitambo ya mawese. Mtambo ulikuwa mmoja, wa kuzungushwa kwa mikono, lakini aliyeuzungusha ni mimi. Vita vilipokuja nilikimbia na Warundi, boti moja. Tulipofika ufukweni tukakuta foleni ya mablanketi na sufuria. Mimi foleni siipiti hivi hivi. Mama aliyekuwa mbele yangu aliulizwa amezaliwa wapi, akasema Rumonge, akapewa na turubai jipya. Nilipoulizwa mimi nikasema Rumonge.

Nikapata turubai. Nikapata na kadi ya mgao ya mkimbizi yenye jina langu, mahali pa kuzaliwa Rumonge.

Tulikuwa wengi kwenye foleni ile tuliozaliwa huku huku, nisisemwe peke yangu. Lakini wenzangu walikula unga wakanyamaza. Mimi nilikuja hapa Mwanga, Kigoma, kutengeneza friji, siku za mgao narudi kambini kuchukua mahindi, na barazani kila mtu namwamkia "Amahoro" kama Mrundi wa mjini. Niliwaambia nimekulia Bujumbura. Niliwaambia nimetengeneza friji ya ikulu, ile ya kupozea maji ya kunawa ya wageni. Wakaniita Buja. Jina lilinikaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo changu.

Sasa kuna msako. Wenye kadi wanaokutwa nje ya kambi wanapakiwa malori. Wanasema wengine wanavushwa moja kwa moja. Nikivushwa nitashukia kwa nani? Burundi sina hata jiwe la kukalia.

Jumatano, 8 Septemba

Zaituni amekwenda kwa Mzee Sadiki, balozi wetu wa nyumba kumi, kumwambia mjomba wake ni Muha halisi. Amerudi amenuna. Mzee Sadiki alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mjukuu wangu, mjomba wako mwenyewe kaniambia kazaliwa Bujumbura, jikoni kwa mfalme. Sasa nimwamini Buja yupi, wa jana au wa leo?"

Halafu akaacha kucheka, akauliza niko wapi. Zaituni akasema nimesafiri. Wapi? Dar. Kufanya nini? Kutafuta spea za friji. Mzee Sadiki akasema basi vizuri, Dar ni mbali.

Mwamgongo hakufikiki. Pale tunapopandia maboti ya kaskazini watu wa msako wameweka meza na viti, wanatazama kila anayevuka ubao. Na hata nikifika, nani atanishuhudia? Wazee waliomjua mama wamekwisha. Waliobaki niliwaambia mara ya mwisho kwamba mimi sasa ni raia wa Ubelgiji.

Alhamisi, 9 Septemba

Imezimika mara tatu. Ya tatu, mwalimu mmoja alikuwa anachapa mitihani ya shule nzima, ikapotea yote. Hakugombana. Alichukua karatasi zake akaondoka, na hilo ndilo baya.

Zaituni aliingia, akafunga mlango, akasema taratibu: "Mjomba, nikifungua dirisha watakuona. Nisipofungua, sina kazi. Na nikikosa kazi, chumba hiki atapewa mpangaji mwingine na wewe utatolewa pamoja na maboksi. Niambie mwenyewe nifanye lipi."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Nikamwambia nitaipoza kwa maji. Maneno yalitoka kabla ya akili. Ndivyo ninavyofanya kazi siku zote, mdomo unatangulia na mikono inafuata mbio. Akasema, maji na umeme, mjomba? Nikamwambia gari lina moto tumboni na maji tumboni, mbona linakwenda mpaka Kasulu. Akanitazama kama ninavyotazamwa kila siku barazani.

Lakini nimewaza mchana wote na nimeona njia. Kisanduku kidogo cha shaba, kikalie juu ya prosesa, ubongo wa mashine, pale feni ilipokaa. Maji yaingie ya baridi, yabebe joto, yatoke kwa mpira, yapite ukutani mpaka kwenye rejeta ndogo kama ya gari huko nje, upepo wa ziwa uyapoze, yarudi. Joto likatupwe uchochoroni. Dirisha libaki limefungwa.

Naogopa. Nisipoweza, nimekwisha.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimepima. Mashine nzima ile, kiburi chote kile, inafikiri kwa jiwe jeusi dogo kama ukucha wa kidole gumba. Jiwe limekaa katikati ya kibao, na pembeni yake vimesimama vipipa vidogo vya umeme kama askari wamezunguka mtu mkubwa. Kisanduku kikizidi kitavigonga. Kikipungua hakitafikia matundu ya boliti. Nimepima kwa uzi, halafu uzi nikauweka kwenye rula ya shule. Zaituni ameleta kipande cha shaba nene kutoka kwa wauza vyuma chakavu.

Kukata ni kelele. Lakini jirani wa ukuta huu ana mashine ya kusaga mahindi. Ikinguruma nakata. Ikinyamaza nasimama na msumeno hewani. Wateja wake wa leo walikuwa wa vidumu na videbe, mtu anasaga kidogo anaondoka. Nimekata kidogo kidogo. Bega linauma.

Jumamosi, 11 Septemba

Leo watu wa magunia. Nimekata mpaka mwisho.

Jumapili, 12 Septemba

Mashine ya kusaga haifunguliwi Jumapili. Sikugusa tupa. Nimelala chali nikasikiliza kwaya ya kanisani tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi ni Mwislamu. Sauti ya tatu wanakosea.

Kuna nzi aliingia. Tulikaa wote saa nzima. Halafu akapita chini ya mlango akaenda zake. Nimemwonea wivu nzi.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimekosea. Juzi nilipomaliza kukata sikupima mara ya pili, kwa sababu jicho langu ni rula. Nilishawahi kukata kioo cha meli kwa kukitazama tu nikiwa ufukweni, na kikaingia. Leo nimekiweka kitako cha shaba juu ya prosesa, kimepanda juu ya kipipa kimoja. Tofauti ni unene wa uzi. Uzi mmoja tu na kitu hakikai. Nilitaka kukisukuma. Mkono ulishaanza kusukuma, nikauvuta.

Tupa siku nzima, jirani akinguruma. Unga wa shaba puani, kwenye chai, kwenye godoro. Kompyuta imezimika mara mbili nikiwa katikati ya kazi, nikaacha tupa nikashika boksi la kupepea. Jioni nimekiweka tena. Kimekaa.

Jumanne, 14 Septemba

Mzee Sadiki alipita mbele. Nilimsikia. Alitaka fotokopi ya kitu fulani cha msikiti. Akauliza, "Buja hajarudi?" Zaituni akasema bado. Akasema, "Na asipige hata simu, mtu mwenye maneno vile." Sauti yake sikuielewa. Ya mtego au ya kawaida. Mtu yule nimekunywa naye kahawa kila alasiri, na leo nimemsikiliza kama panya anavyomsikiliza paka.

Mwili unanuka shaba.

Jumatano, 15 Septemba

Kisanduku kimefungwa. Kitako shaba, kuta shaba, na ndani nimesimamisha vikuta viwili ili maji yasipite njia ya mkato, yazungushwe kwanza kila pembe kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Juu vidomo viwili vya bomba la friji, pa kuingilia na pa kutokea.

Kulehemu ndiko kulikotaka kuniua. Jiko la mkaa, mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Zaituni alikaa uani anachoma mahindi ili moshi upate mwenyewe. Upande wa kwanza nililehemu vizuri. Upande wa pili kichwa kikaanza kwenda mbali, mikono naiona kama ya mtu mwingine aliyekaa mbele yangu. Sikuita. Hata pale sikuita, nilipiga mlango kwa kisigino. Zaituni akanivuta koridoni mpaka karibu na ua, akanifunika gunia, pua tu ikabaki nje. Hewa ile ilikuwa na harufu ya dagaa na mahindi yaliyoungua. Sijawahi kunusa kitu kizuri kama kile.

Akaniambia basi, mjomba, tuache. Nikarudi ndani, nikamaliza upande wa pili.

Baadaye nimekizamisha kwenye beseni nikakipuliza kwa mdomo mpaka macho yakanitoka. Hakuna povu hata moja. Lehemu yangu haivuji. Hiyo si hadithi, ni kweli.

Alhamisi, 16 Septemba

Yakobo amekuja. Yeye na Zaituni tu ndio wanaojua niko humu. Ni mzamiaji wa Ujiji, anakamata wale samaki wadogo wa rangi wanaopelekwa Ulaya kwa ndege, wakiwa hai ndani ya mifuko ya maji. Samaki wanapanda ndege. Mimi siwezi kupanda boti.

Ameleta pampu ndogo kutoka kwenye matangi yao. Inakaa ndani ya ndoo na sauti yake haizidi paka aliyelala. Ameleta na rejeta ya hita ya Land Rover mbovu. Rejeta ameifunga nje uchochoroni, chini ya bati, ndani ya wavu wa waya. Watu walisimama kutazama. Yakobo akawaambia ni mtambo wa Zaituni, kuna fundi kutoka Dar kaja kuufunga, yeye kibarua tu.

Mimi ndani nilisukuma mipira kwenye tundu la ukuta, yeye nje akaipokea. Halafu vidole vyake vikaingia tunduni. Nikavishika. Tukasalimiana kwa vidole. Vyake vilikuwa na baridi ya ziwa.

Kabla hajaenda akanong'ona, "Buja, baraza limekufa. Hakuna anayedanganya siku hizi." Nilitaka kumwambia habari ya yule samaki kuhe niliyemvua, mkubwa kuliko mlango, nikamrudisha majini kwa sababu alinitazama kama mkwe wangu. Nikanyamaza. Kunyamaza kunauma mahali hasa, hapa chini ya taya.

Ijumaa, 17 Septemba

Leo nimekifunga kisanduku kwenye mashine.

Kitako nimekisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka kikawa bapa kabisa, mpaka nikajiona ndani yake. Nimezeeka. Nikaweka grisi nyeupe ya mafundi redio, tone kama punje ya mchele, nikaisambaza. Boliti nne kwenye matundu manne, kila boliti na springi ya kalamu ya kubonyeza, ili ibane kwa upole. Huwezi kukaza moja mpaka mwisho, kisanduku kitalalia upande. Unakaza kwa msalaba, hii kidogo, ya mkabala kidogo, kama tairi. Najua sana. Nimefundisha watu.

Uchochoroni mtu akasema, "Malori." Neno hilo tu.

Mkono ukakaza.

Ukasikika mlio mdogo kama wa kuvunja mbegu ya boga. Nimefungua. Kona ya lile jiwe imemeguka, kipande kama punje ya chumvi. Nilikaa chini. Kama nimeiua, sina pa kwenda na Zaituni hana pa kusimama, na aliyeiua ni mimi, aliyesema anajua sana.

Nikafunga upya kwa vidole viwili, nusu zamu kwa nusu zamu. Nikawasha pampu. Maji yakapanda kwenye mpira, yakaingia, yakatoka. Nikabonyeza kitufe, nikafumba macho.

Imewaka.

Zaituni sijamwambia habari ya kona. Malori yenyewe yalikuwa ya simenti.

Jumamosi, 18 Septemba

Siku nzima. Kuanzia kufungua mpaka kufunga, haikuzimika. Zaituni aliingia mara kwa mara kuigusa, kwanza kwa ncha ya kidole, mwisho kwa kiganja kizima. Akacheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho.

Ukishika mipira unaona kazi. Huu wa kutokea wa moto, huu wa kurudi wa baridi. Chumba bado kina joto lakini ni joto langu mimi mwenyewe. Nasema bila kujisifu kwamba hakuna mtu kati ya hapa na Tabora aliyefanya kitu hiki. Nimesema bila kujisifu. Hakuna wa kumsifia mbele yake.

Jumatatu, 20 Septemba

Kasoro moja. Mpira wa kutokea unalainika kwa joto. Nimeufunga mdomoni kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, lakini leo nimeukuta umerudi nyuma kidogo. Nimeusukuma. Unahitaji klipu ya chuma. Nimemwambia Zaituni.

Jumanne, 21 Septemba

Klipu za ukubwa ule hazipo Mwanga. Kesho atatuma mtu Kigoma mjini, kwenye maduka ya spea.

Wamechukua mtu mtaa wa juu. Mshona viatu. Kadi kama yangu. Mkewe ni wa hapa, watoto wa hapa. Nimemsikia mke akipita uchochoroni. Sikuweza kula.

Jumatano, 22 Septemba

Wamekuja.

Saa ya chai. Viatu vingi, si vya wateja, na sauti ya Mzee Sadiki katikati yao. Zaituni akawaamkia wote shikamoo, hata waliokuwa wadogo kwake. Mmoja akauliza huko nyuma kuna nini. Kompyuta kubwa. Mbona pamefungwa kila upande na joto hili, mashine gani inakaa bila dirisha? Huyo anajua kidogo. Nikasema moyoni, ndiye atakayenimaliza.

Na hapo hapo mpira ukateleza.

Niliuona unatoka. Maji yakaruka kifuani kwangu. Nikaudaka, nikaurudisha kwenye mdomo wa shaba, nikaubana kwa ngumi mbili. Tulikuwa tumepanga wakija niingie nyuma ya maboksi ya karatasi. Nikiachia niende nikajifiche, maji yanamwagika kwenye ubao wa umeme, mashine inakufa, na zile tatu zinazimika mbele ya macho yao. Nikishika, niko hapa katikati ya chumba nimepiga magoti. Nikashika.

Nikamsikia Zaituni anasema haihitaji dirisha, inapozwa kwa maji. Fundi kutoka Dar ndiye aliyeifunga. Tokeni mkaguse pale nje kama hamwamini. Sauti yake haikutetemeka. Sijui alijifunza wapi kusema uongo namna ile. Labda najua.

Wakatoka. Nikasikia mkono kwenye wavu, upande wa pili wa ukuta, shubiri moja kutoka kichwani kwangu. "Aisee, kweli ya moto." Mwingine akasema, "Kama gari vile." Wakazungumza juu ya kazi yangu, wakaulizana maji yanapita wapi, na mimi nikiwa ndani nimeyashika. Si ya kuchemka lakini yanauma. Yalikuwa yakipenya kati ya vidole na kushuka kwenye viwiko.

Wakarudi ndani. Yule anayejua akasema hata hivyo afungue atazame. Mzee Sadiki akasema, "Kwa viatu hivyo? Vumbi lenu litaua kitu cha watu. Ngoja mimi nivue makubazi nichungulie, kisha twende."

Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Uso wake na kofia yake.

Akaniona. Kikoi kimelowa, ngumi zimeshika mpira. Nilikuwa na maneno elfu, ya kweli na yasiyo ya kweli, na hakuna lililotoka. Akanitazama. Kisha akatazama mpira, akatazama kisanduku, akafuata mpira wa pili kwa macho mpaka ndoo, mpaka tundu la ukuta. Polepole, kama anayesoma.

Akafunga mlango.

"Kompyuta," akawaambia. "Na maji. Twendeni, chai yangu inapoa."

Kuzima hatukuthubutu, wasije wakarudi; klipu zilipofika alasiri nilikuwa bado nimeshika. Zaituni alinifungua vidole kimoja kimoja. Viganja vimebabuka.

Ijumaa, 24 Septemba

Haijazimika. Mwalimu wa mitihani amerudi, kaleta na wa shule nyingine. Mbele kumejaa, nasikia viti vinagombaniwa.

Asubuhi Zaituni alileta seremala. Watu wa msako wamesema watapita tena, na kwa kuwa mashine haina shida na dirisha, afadhali lipigwe mbao kabisa kwa nje. Yuko sahihi. Nilikaa chini ya dirisha, mdomo nimeufumba, nikasikiliza misumari ikiingia. Juu kulikuwa na ufa uliokuwa ukiniletea mwanga alasiri, mstari mwembamba unaotembea ukutani. Umezibwa. Nimefanya kazi nzuri mno.

Leo Mzee Sadiki amehamisha baraza. Ameleta kigoda chake uchochoroni, akakaa chini ya rejeta, wenzake wakamfuata na vyao. Akaanza kuwasimulia habari za Buja na yule kuhe. Anakosea. Anasema nilimla na mtaa mzima ukala. Sikumla, nilimrudisha majini. Nimeuma kikoi.

Mmoja akauliza juu ya mtambo ule. Wakausifu. Mwingine akasema fundi wa namna ile lazima amesomea Ulaya. Mwingine, "Hata Buja mwenyewe angeuona huu angekosa la kusema." Wakacheka sana. Maishani mwangu sijafanya kitu kama kisanduku kile, na ni kweli kila kipande chake.

Zaituni akatoka na kahawa. Mzee Sadiki akamwambia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nadhani uso ameuelekeza ukutani:

"Mjukuu wangu, huyo fundi wako wa Dar, msalimie. Mwambie kazi yake tumeiona. Na mwambie asiwe na haraka ya Kigoma. Abaki huko huko Dar kwanza."

"Nitamwambia, babu."

Wamekwenda. Humu giza. Nimeweka kiganja kimoja kwenye mpira wa moto na kingine kwenye wa baridi, hivi hivi na malengelenge yake. Maji yanatoka nje, yanapigwa na upepo wa ziwa, yanarudi. Yanatoka tena.

Sijambo. Niko Dar.